Je, pete ya fedha yenye msalaba ilikuwa ya Watemplari?

Mara nyingi jibu ni hapana. Pete kuukuu ya fedha yenye msalaba ikifika mnadani, jina la Watemplari halikawii kutajwa, na bei hupanda papo hapo. Hawa walikuwa watawa wapiganaji wa enzi za Vita vya Msalaba. Kundi lao lilianzia Yerusalemu takriban mwaka 1119, na Papa Klementi V akalivunja mwaka 1312.

Kwanza, msalaba haukuwa alama yao peke yao. Wao walivaa mwekundu juu ya joho jeupe. Wahospitali, kundi jingine la watawa wapiganaji, mweupe juu ya joho jeusi. Watawa wapiganaji wa Kijerumani, mweusi juu ya jeupe. Hata mchuuzi wa London asiyewahi kushika upanga alikuwa na misalaba tele kibindoni, kwani peni ya fedha ya Uingereza ilichapwa msalaba upande mmoja. Mwaka 1247 msalaba huo ulirefushwa hadi ukingoni, ili sarafu iliyomegwa itambulike upesi.

Sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kanuni ya Watemplari wenyewe, iliyopitishwa Troyes, Ufaransa, mwaka 1129. Ilikataza dhahabu na fedha hata kwenye hatamu za farasi. Ndugu akipewa vifaa vya zamani vilivyopambwa, ilibidi vipakwe rangi mng'ao usionekane. Watu walioona ni majivuno farasi kumeremeta wangewezaje kuvishana pete za fedha? Lakini kundi lilikuwa pia na wafadhili wasiobanwa na nadhiri hizo, kwa hiyo kanuni inapunguza uwezekano, haiufuti.

Kinachovutia kuliko yote ni kwamba fedha yenyewe hutoa ushahidi. Zama hizo fedha nyingi ilitoka kwenye mawe yenye madini ya risasi. Mafundi waliyeyusha mchanganyiko huo katika kikombe cha majivu ya mifupa na kuupulizia hewa. Risasi iliungana na oksijeni, ikanywewa na majivu, fedha ikabaki. Ni kama kupepeta mchele: makapi huruka, ila kijiwe chenye uzito wa punje hubaki ungoni. Kijiwe hapa ni dhahabu. Nayo, sawa na fedha, haiungani na oksijeni, basi chembe zake zilisalia, pamoja na masazo ya risasi. Usafishaji kwa umeme, ulioenea tangu mwishoni mwa karne ya 19, huitoa dhahabu hiyo karibu yote.

Wataalamu huipima pete kwa eksirei bila kuikata, ingawa mionzi hiyo husoma tabaka la juu tu, ambalo huenda limebadilishwa na udongo. Tena, laghai anaweza kuyeyusha sarafu za kale akapata fedha yenye chembe zilezile. Basi kukosekana kwa dhahabu huiumbua pete ya juzijuzi. Kuwepo kwake huelekeza kwenye umri wa madini, wala si umri wa pete, sembuse jina la aliyeivaa.