Ustahimilivu wa mtoto si kujikaza

Neno ninalolisikia mara nyingi kuliko yote mtoto anapolia shuleni ni "jikaze". Huambiwa aliyeanguka uwanjani, huambiwa aliyefiwa, na kwa wavulana huongezewa kwamba mwanamume halii. Kwa miaka niliyofanya kazi ya unasihi katika shule za msingi hapa Tanzania nimefikia kuamini kwamba neno hilo, ingawa wanaolitamka wana nia njema, hutupa maana potofu ya ustahimilivu. Mtoto aliyejikaza amenyamaza tu, hajapona, na katika darasa la watoto 80 au 100 aliyenyamaza ndiye wa kwanza kusahaulika.

Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 hadi walipokuwa watu wazima. Karibu theluthi yao walikulia katika mazingira magumu sana ya umaskini, ugomvi wa nyumbani, au mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Hata hivyo, mmoja kati ya kila watatu wa kundi hilo alikua akawa mtu anayejiamini, anayejali wenzake na kuyamudu maisha. Hulka ya mtoto ilichangia, lakini kilichojitokeza tena na tena ni kuwapo kwa angalau mtu mzima mmoja aliyekuwa karibu naye bila kuyumba: bibi, shangazi, jirani, au mwalimu. Shule haiwezi kuuondoa umaskini wa nyumbani kwa mtoto, lakini watu wazima inao.

Ndiyo maana zoezi ninaloanza nalo katika kila shule ni la majina. Siku ambayo wanafunzi hawapo, tunabandika orodha ya wote katika ukuta wa ofisi ya walimu, kisha kila mwalimu, pamoja na mpishi wa uji na mlinzi wa getini, anaweka alama mbele ya jina la mtoto ambaye anajua anaishi na nani na siku hizi ana jambo gani. Wanaoongoza mitihani hupata alama nyingi, na watukutu vilevile. Katikati hubaki majina yasiyo na alama hata moja. Mara ya kwanza nilipoliendesha, nilikuta hapo jina la msichana wa darasa la tatu ambaye nilikuwa nimemfundisha kusoma mwaka mzima, nami sikuwa na haki ya kuweka alama. Nilichokijua kwake ni mwandiko wake tu. Sijawahi kulisahau jina hilo.

Majina hayo tunagawana, matatu au manne kwa kila mtu mzima. Hatuwaiti watoto ofisini kuwahoji. Tunawaamkua kwa majina, tunawauliza jambo moja dogo la nyumbani, na tunatambua siku wasipofika. Kazi hii huchukua dakika chache, lakini lazima iwe ya kila siku, kwa sababu mtoto humwamini mtu ambaye kesho yake pia atamkuta.

Imani hiyo huvunjika upesi zaidi getini asubuhi, pale mwalimu wa zamu anapowasubiri waliochelewa akiwa na fimbo. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa kosa kubwa, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kuchelewa kwa mtoto aliyeanza siku yake kwa kumchotea maji bibi mgonjwa si kosa la namna hiyo. Wilayani Luwero, Uganda, mpango wa shirika la Raising Voices wa kuzuia ukatili shuleni ulipimwa katika shule 42 za msingi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2015: katika shule zilizoupata, wanafunzi 31 kati ya 100 walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili na watumishi wa shule wiki iliyotangulia, ilhali katika shule nyingine walikuwa 49. Thelathini na mmoja bado ni wengi mno, lakini tumeona kwamba mazoea ya shule hubadilika.

Naomba pia tujue mipaka yetu. Mtoto akidokeza kwamba anaumizwa au anachezewa, asiahidiwe siri. Aambiwe kwamba watakaojulishwa ni wale tu wanaoweza kumsaidia. Asihojiwe na walimu watano kwa zamu. Taarifa ifike kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bila malipo.

Jambo ambalo shule nyingi hulisahau ni uhamisho. Mwalimu akipata barua ya kuhama, watoto watatu au wanne aliogawiwa hubaki bila mtu, na baadhi yao wamekwisha kuachwa na wengi. Siku hizi ninaomba kwamba kabla hajaondoka awachukue mmoja mmoja, ampeleke kila mtoto kwa mwalimu atakayempokea, na amweleze mwenzake, mtoto mwenyewe akisikia, mambo mazuri anayoyajua kumhusu.