Mgongo wa kibao cha mwenzako haumalizi 50 yako

Nafundisha udereva hapa Mbeya, na wanaonichosha si wale wanaoanza kushika usukani. Ni wenye leseni mfukoni: madereva wa Noah, wa Coaster, vijana wanaotaka kupanda daraja ili wapewe lori la Tunduma. Alama wanazijua. Ukiwaonyesha kwenye karatasi wanazitaja zote bila kukosea. Tatizo linaanza kwenye T1 yenyewe, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambako kibao kimoja ni kipya kinang'aa, cha pili kimepinda kwa kugongwa, cha tatu kimebaki nguzo tu, na dereva anajitungia kanuni zake. Kanuni moja kati ya hizo nimeisikia mno, na naanza nayo kwa sababu ndiyo inayoniudhi kuliko zote.

"Mwalimu, pale 50 ilikuwa imeshaisha"

Hoja yenyewe iko hivi. Umetoka Makambako unaelekea Mbeya, unafika kijijini unakuta duara lenye ukingo mwekundu na namba 50, yaani usizidi kilomita 50 kwa saa. Unapunguza. Baada ya muda nyumba zinaanza kuachana, na upande wako wa kulia unaona mgongo wa kibao, chuma kitupu. Dereva anapiga hesabu: huo ni mgongo wa 50 ya wanaokuja, kama kwao inaanzia hapo, basi kwangu inaishia hapo hapo. Anakanyaga mafuta. Kumbe tochi ya kupima mwendo ilikuwa inamtazama, picha yake imeshatumwa kwa askari wa mbele, anaandikiwa 30,000 na kuja kwangu akisema ameonewa.

Hajaonewa. Kibao kinamhusu yule kinayemtazama usoni. Kila upande wa barabara una vibao vyake, na hakuna kanuni inayosema vibao vya pande mbili lazima vitazamane. Anayeshuka mlima kuingia kijijini anahitaji kuonywa mapema kuliko anayepanda. Penye kona au miti, kibao husogezwa hadi mahali kitakapoonekana. Shule ikiwa mwanzoni mwa kijiji kwa wanaotoka Iringa, kwa wanaotoka Mbeya iko mwishoni, na vibao hufuata hali hiyo. Kwa hiyo 50 ya mwenzako inaweza kuanza kabla hujamaliza yako, au baada, na wala haikuhusu.

Halafu umejuaje kwamba huo ni mgongo wa 50? Duara la kukataza kupita gari lingine lina mgongo ule ule. La kukataza kusimama vilevile. Ukiwa nyuma, maduara yote ni bati la mviringo tu. Alama mbili ndizo unazoweza kuzitambua hata kwa mgongo au zikiwa zimejaa tope: ya kusimama yenye pembe nane, na ya kutoa njia ambayo ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Zilipewa maumbo yasiyofanana na mengine kwa makusudi, ili anayetokea upande mwingine pia ajue nani anatakiwa kusubiri. Duara halina bahati hiyo.

50 yako inaisha unapokutana uso kwa uso na kibao chako cha kumaliza, lile duara jeupe lenye mistari myeusi ya mshazari, au kibao chenye namba nyingine. Na mabasi na malori wasifikiri kwamba kibao cha kumaliza kinawaachia uwanja. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaweka 50 kwenye makazi, na nje ya makazi inaweka 80 kwa magari ya abiria na yale yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Ukimaliza 50 ukiwa na Coaster, unarudi kwenye 80.

Hapo ndipo huniuliza: na kama cha kumaliza hakipo? Swali ni halali, maana ni kweli vinakosekana. Vingine vimegongwa, vingine vimeng'olewa vikauzwa chuma chakavu, na jambo hilo linanikasirisha kama linavyowakasirisha. Lakini kibao kilichoibwa hakikupi ruhusa. Kikomo ulichoingia nacho unaendelea nacho mpaka alama nyingine ikuambie vingine. Ninachowashauri wanafunzi wangu ni hiki: simama mahali salama, piga picha ya nguzo tupu, andika jina la kijiji na namba ya nguzo ya kilomita iliyo karibu, kisha peleka taarifa ofisi ya mkoa ya TANROADS, Wakala wa Barabara. Dereva anayepita hapo kila siku akilalamika kijiweni tu, nguzo itabaki tupu.

Kuna na wale wa upande wa kuingilia. Wanaona 50 kwa mbali wakiwa 80, wanaanza kulegeza mguu, na wanafika 50 wakiwa wameshapita nyumba ya tatu. Kikomo kinaanzia kwenye nguzo. Unapolingana nayo unatakiwa uwe tayari 50.

Na tafadhali, tusiambiane kwamba namba hiyo iliwekwa kwa ajili ya tochi. Fanyeni hesabu pamoja nami. Gari dogo, lami kavu, breki nzima, na dereva anachukua sekunde moja tangu aone mtoto hadi akanyage breki. Akiwa 50, sekunde hiyo inamla mita 14, breki zinakula nyingine kama 14, gari limesimama ndani ya mita 28. Akiwa 80, sekunde hiyo peke yake ni mita 22, na breki zinahitaji mita 35 zaidi. Maana yake pale ambapo wa 50 amekwisha kusimama, wa 80 ndiyo kwanza ameanza kufunga breki, na bado anakwenda kilomita zaidi ya 70 kwa saa. Mtoto aliyesimama mita 30 mbele anabaki hai kwa mmoja, kwa mwingine anagongwa na gari ambalo karibu halijapungua mwendo. Ukizidisha uzito wa lori la mbolea, na mvua ya Uyole, hesabu inakuwa mbaya zaidi.

"Vibao havifanani, basi kimojawapo si halali"

Havifanani kwa sababu havikuzaliwa siku moja wala mkononi mwa mtu mmoja. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, iliyoanza mwaka 2000. Za wilaya, mijini na vijijini, ziko chini ya TARURA, iliyoanza 2017. Kabla yao vibao vilikuwepo, na baadhi vimesimama hadi leo. Kila mkandarasi anayekarabati kipande naye anaacha vyake. Ndiyo maana ukitoka Mafinga hadi Igawa utakutana na herufi nene na nyembamba, maandishi ya Kiswahili, ya Kiingereza, na mchanganyiko wa vyote viwili. Hilo halifuti maana. Soma umbo kwanza, kisha rangi, kisha mchoro, na maandishi yawe ya mwisho: pembetatu inaonya, duara jekundu linakataza, duara la bluu linaamuru, mstatili unakuarifu. Katika ukungu wa Sao Hill au wa Kawetere kwenye njia ya Chunya utabahatika kuona umbo tu, na umbo linatosha kukufanya uondoe mguu kwenye mafuta.

Kuhusu kile kibao cha ubao alichoandika mwanakijiji kwa mkono, "Punguza mwendo, watoto": hakina nguvu ya sheria. Lakini kimewekwa na mtu anayeijua hatari ya mahali pale kuliko mimi na wewe. Kitii bila kubishana.

"Kitonga ni asilimia 10 tu"

Wengi wanadhani asilimia kwenye kibao cha mteremko ni nyuzi za pembe. Siyo. Asilimia 10 ni kushuka mita 10 kwa kila mita 100 unazokwenda mbele. Kwa nyuzi haifiki hata 6. Asilimia 100 ndiyo nyuzi 45. Dereva akishajua hivyo huwa ananijibu, "Kumbe ni kidogo." Hapana, si kidogo. Lori lenye uzito wa jumla wa tani 56 kwenye mteremko wa asilimia 10 linasukumwa na nguvu ya karibu tani 5 na nusu, muda wote, kutoka juu mpaka chini. Nguvu hiyo ama inazuiwa na injini, ama inageuka kuwa joto kwenye breki. Breki zikipata moto kupita kiasi zinaacha kushika, hata kama upepo umejaa kwenye matangi na pedi zilikuwa mpya asubuhi.

Kwa hiyo kibao cha gia ndogo kinachokaa juu ya mteremko kinakuambia uingize gia hapo hapo, kabla gari halijaanza kukimbia. Ukiwa katikati ya Kitonga, au Inyala, au Mlima Nyoka, au Iwambi kushukia Mbalizi, ukajaribu kurudisha gia gari likiwa limeshakolea, huenda isiingie, na hapo unabaki na nyutro. Anayeweka nyutro kwa hiari ili aokoe mafuta nina neno naye pia: injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu uko nje ya mafuta, yenyewe hukata mafuta. Ukiwa nyutro inalazimika kuyatumia ili isizime. Unapoteza breki ya injini na huokoi chochote.

"Vibao vya kilomita vinadanganya"

Unasoma Mbeya kilomita kadhaa, unakwenda, unasoma tena, na tofauti haiendani na mita ya gari lako. Vibao viliwekwa nyakati tofauti, na kona ikinyooshwa kilomita za zamani hubaki kwenye bati. Pia jiulize unapimia wapi. Ukifika Uyole unasema umefika Mbeya, kumbe katikati ya jiji bado ni kama kilomita 10. Iringa ndiyo kabisa: barabara kuu inapita chini, Ipogolo, na mji uko juu kilimani. Usipange mafuta kwa kibao kimoja.

"Kazi imesimama, kibao cha njano hakina maana"

Vibao vya muda vya ujenzi vingi vina usuli wa njano, na tangu upanuzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi uanze, madereva wa Mbeya wamevizoea hadi hawavioni. Jumapili mafundi hawapo, kweli. Lakini shimo lipo, kifusi kipo, lami imekatwa vile vile. Namba ya njano inashinda namba ya kudumu iliyo karibu nayo. Basi.

"Ameniwashia indiketa, ina maana nipite"

Lori la mbele likiwasha indiketa ya kushoto wengi wanaelewa "pita", likiwasha ya kulia wanaelewa "subiri, kuna gari linakuja". Ni desturi ya madereva, na wengi wanaitoa kwa nia njema. Haimo kwenye alama za sheria. Kwenye T1 kuna madereva wa Zambia, Malawi, na wa Kongo ambao kwao huendesha upande wa kulia, kila mmoja na mazoea yake. Indiketa ya kulia inaweza kuwa "usipite" na inaweza kuwa "nakata kulia kuingia sheli", na ya kushoto inaweza kuwa anajisogeza pembeni kwa sababu tairi limepasuka. Usipite gari kwa macho ya mtu mwingine. Kama huoni barabara ya kutosha mbele, au mstari wa katikati haujakatika, unabaki nyuma yake hata akuwashie taa zote.

"Matawi ni alama tosha"

Hii inakaribia ile ya kwanza kwa kunikera. Lori limeharibika kwenye kona, turuboi, yaani utingo, anakata matawi, anayapanga kwenye lami nyuma ya gari, wanalala chini ya tela. Mchana matawi yanasaidia, nakubali, na ukiyaona lazima upunguze na ujiandae kukuta gari limeziba njia. Usiku ni habari nyingine. Jani halirudishi mwanga. Pembetatu ya kuakisi inarudisha mwanga wa taa zako kwako ukiwa bado mbali sana. Matawi utayaona yakiwa yameshafika mbele ya bampa, na kwenye mvua yanafanana na lami. Sheria inadai pembetatu, na gharama yake haifiki hata faini moja.

Tena wengi huweka pembetatu hatua tano nyuma ya gari, ambako aliyekosa kuliona lori lenyewe hana nafasi ya kufanya lolote. Rudi kwenye hesabu ya mita 57 za gari dogo likiwa 80, kwenye lami kavu. Basi lililojaa linahitaji zaidi, na mteremkoni zaidi ya hapo. Tembea nyuma hadi uhisi umekwenda mbali mno, na kama umeharibikia baada ya kona au kilele cha mlima, pembetatu iwe kabla ya kona, upande anaotokea mwenzako, asione alama na gari kwa wakati mmoja.

Na gari likipona, ondoeni mnachokiacha. Matawi yaliyokauka na yale mawe mliyowekea tairi yanabaki kwenye njia siku nzima; wa bodaboda anayakwepa kuelekea katikati ya barabara, na wanaopita kila siku wanazoea kwamba matawi hayana gari mbele yake. Siku yatakapokuwa na gari, hawatapunguza.