White Sox hawana njaa ya nyota, wana njaa ya mikono

Tangu Colson Montgomery aanze kupasua mipira katikati ya mwaka 2025, mashabiki wenzangu wa Chicago White Sox, klabu ya besiboli, wamepata hamu mpya. Kijana aliingia kikosini tarehe 4 Julai, akapiga homurani (mapigo yanayoutoa mpira nje ya uwanja) 21 katika mechi 71, na mara maneno ya kusini mwa jiji yakawa mamoja: wapigaji sasa tunao, tutoe chipukizi wawili watatu tukachukue mrushaji mkubwa, yule anayemtupia mpigaji mpira. Mimi nasema hapana. Timu hii mara chache imekosa mrushaji nyota kwa miaka 15. Inachokosa ni mikono ya kutosha, yaani mrushaji wa 3, wa 5, wa 8, na kila mara ilipojaribu kuruka ngazi hiyo ilianguka.

Kwa msomaji aliyezoea soka, biashara ya huku inataka maelezo kidogo. Klabu za besiboli ya Marekani hazilipani ada za uhamisho kama za soka. Zinapeana wachezaji kwa wachezaji. Mwenye nyota anayekaribia kumaliza muda wake humtoa, akapokea vijana wa miaka 19, 20 au 22 ambao bado wanacheza ligi za chini. Thamani ya kijana huyo haiko kwenye mkono wake tu, iko pia kwenye kalenda. Akishaingia ligi kuu, klabu inakuwa naye kwa misimu 6 kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na misimu ya mwanzo mshahara wake uko karibu na kima cha chini. Chipukizi mzuri, basi, ni miaka 6 ya mchezaji kwa gharama ndogo. Timu inayojijenga upya humkumbatia, na timu inayowania ubingwa humtoa ili ipate wa leo.

White Sox wamekaa pande zote mbili za meza hiyo, na historia yao ya karibu inafundisha kuliko ya klabu yoyote ninayoijua.

Biashara inayoniuma kuliko zote ilifanyika Juni 2016. Timu ilianza msimu vizuri, ikahisi inakosa mrushaji mmoja wa kuanza mechi, ikamchukua James Shields kutoka San Diego. Shields alikuwa jina kubwa, lakini mkono wake ulishachoka: akiwa na White Sox mwaka ule alishinda mechi 4, akapoteza 12, akiruhusu wastani wa alama 6.77 kwa kila awamu 9, yaani mechi nzima. Waliotolewa ni Erik Johnson na kijana wa miaka 17 ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya kulipwa. Kijana huyo ni Fernando Tatis Jr. Mwaka 2021 alipiga homurani 42, akaongoza National League nzima, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Hivyo ndivyo hamu ya kuziba pengo la kurusha inavyoweza kugharimu, na ndiyo maana nikisikia mtu anasema “mrushaji mmoja tu” nashtuka.

Miezi 6 baadaye klabu ikageuka, ikaamua kuuza kila kitu. Desemba 2016 Chris Sale akaenda Boston, nasi tukapata Yoán Moncada, Michael Kopech na wengine wawili. Siku iliyofuata Adam Eaton akaenda Washington, wakaja warushaji watatu: Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 José Quintana alivuka jiji kwenda Cubs, wakaja Eloy Jiménez, Dylan Cease na wawili wengine. Wakati ule wachambuzi walisema huo ndio mfano bora wa kujenga upya. Nami nilifurahi, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu mawazo yalikuwa sahihi.

Tazama lakini matunda yalikotokea. Moncada, aliyekuwa jina la kwanza la biashara ya Sale, hakufikia kimo alichotabiriwa. Jiménez, jina la kwanza la biashara ya Quintana, alipiga homurani 31 mwaka 2019, kisha majeraha yakamla. Cease, aliyetajwa wa pili, ndiye aliyefika mwaka 2022 akiruhusu wastani wa alama 2.20 na kushika nafasi ya 2 kwenye tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, ya American League, ile ligi ya pili. Giolito, ambaye mwaka 2018 alikuwa na wastani wa 6.13, mbaya kuliko wote waliorusha awamu za kutosha, mwaka uliofuata alibadilika kabisa, na Agosti 2020 akarusha mechi nzima dhidi ya Pittsburgh bila mpinzani kupata hata pigo moja la kufika besi. Nani angetabiri? Anayepanda mahindi hutia mbegu mbili tatu kila shimo kwa kuwa hajui ipi itaota, na klabu inayouza nyota ifanye vivyo hivyo: ipokee wengi, isilewe na jina la kwanza.

Kopech ananirudisha kwenye jambo ambalo mashabiki wengi hulisahau wanapopiga hesabu za chipukizi, nalo ni kiwiko. Alipanda ligi kuu Agosti 2018 na mpira wa kasi uliomfanya kila mtu uwanjani anyanyuke. Alianza mechi 4 tu. Ile ya mwisho, dhidi ya Detroit, ungeona kasi inashuka na mipira inarudi kwa nguvu kutoka kwenye magongo. Vipimo vikaonyesha kano ya kiwiko imechanika. Upasuaji wake unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji aliyefanyiwa mara ya kwanza mwaka 1974: daktari huchukua kano kutoka sehemu nyingine ya mwili, mara nyingi mkononi karibu na kifundo, akatoboa mifupa ya kiwiko na kuipitisha humo. Kupona huchukua mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Tommy John mwenyewe alirudi akashinda mechi 164 zaidi, kwa hiyo si hukumu ya kifo, lakini kwa klabu ni msimu mzima umekwenda kati ya ile 6 iliyolipiwa kwa nyota.

Kwenye uwanja ninaofundisha vijana, wazazi huniuliza mtoto ataanza lini kurusha slaida, mtupo wa kasi unaopinda. Huwa nawaambia wasubiri. Mtu akirusha kwa nguvu zake zote, mkono unapogeuka kutoka nyuma kuja mbele, sehemu ya ndani ya kiwiko hubeba mzigo ambao kano ile haikuumbwa kuubeba mara 90 kwa siku. Misuli inaweza kuongezwa nguvu kwa mazoezi. Kano haiongezeki hivyo. Kila mrushaji mwenye kasi anaishi karibu na ukingo huo, na klabu inayopanga mambo yake kana kwamba ukingo haupo inajidanganya.

Mwaka 2021 tuliona raha ya kuwa na mikono ya kutosha. Lance Lynn, Carlos Rodón, Giolito, Cease na Dallas Keuchel walianza karibu mechi zote wao watano, na timu ikashinda 93. Raha ile iliwalevya viongozi. Julai mwaka huohuo walimtoa Nick Madrigal na Codi Heuer kwa Cubs ili wampate Craig Kimbrel, mrushaji wa kumalizia mechi, wakati tayari walikuwa na Liam Hendriks kwa kazi hiyohiyo. Kimbrel aliruhusu wastani wa 5.09 akiwa kwetu. Msimu ulipokwisha Rodón akaondoka bure, na nyuma ya wale wanne waliobaki hapakuwa na kijana hata mmoja aliyeiva. Mwaka 2022 timu ilishinda 81 na kupoteza 81. Mwaka 2023 ilipoteza 101. Mwaka 2024 ilipoteza 121, idadi kubwa kuliko ya timu yoyote katika besiboli ya zama hizi. Niliingia uwanjani mara nyingi mwaka ule na nilishangilia kila mtupo wa Garrett Crochet, maana hapakuwa na kingine cha kushangilia.

Crochet alikuwa nyota halisi: awamu 146, wapigaji 209 waliotolewa kwa straiki, yaani waliokosa mpira mara tatu. Rekodi yake? Ushindi 6, vipigo 12. Ukitaka ushahidi kwamba mrushaji mmoja mkubwa haiokoi timu, ni huo. Hucheza mara moja katika siku 5.

Sasa tufike kwenye biashara mbili zinazonifanya niamini kwamba uongozi wa sasa wa Chris Getz umejifunza kitu. Machi 2024 alimuuza Cease kwa San Diego akapokea wanne, watatu kati yao warushaji: Drew Thorpe, Jairo Iriarte na Steven Wilson. Desemba ya mwaka huo alimuuza Crochet kwa Boston, na safari hii watatu kati ya wanne walikuwa wapigaji: mdakaji (anayedaka mitupo ya mrushaji) Kyle Teel, Braden Montgomery wa uwanja wa nje, Chase Meidroth wa uwanja wa ndani. Mrushaji alikuwa mmoja tu, Wikelman González.

Masika ya 2025 Thorpe akapasuliwa kiwiko. Ky Bush, aliyekuja mwaka 2023 Giolito na López walipokwenda Angels, naye akapasuliwa. Prelander Berroa pia. Wakati huohuo Meidroth alikuwa uwanjani kuanzia Aprili, Teel kuanzia Juni, na Edgar Quero, mdakaji aliyekuja pamoja na Bush, alikuwa akidaka mechi za ligi kuu akiwa na miaka 22. Crochet naye aling'ara Boston: ushindi 18, wastani wa 2.59, wapigaji 255 kwa straiki. Nilifurahi kwa ajili yake. Hata hivyo biashara ile ningeifanya tena kesho asubuhi, kwa sababu tulilipwa kwa mali isiyochanika kirahisi.

Basi warushaji watoke wapi? Watoke kwenye kapu ambalo wengine hawalitazami. Erick Fedde alisajiliwa kutoka ligi ya Korea kwa dola milioni 15 za miaka 2, akarusha vizuri miezi minne, akauzwa. Ndani ya biashara ile akaja Miguel Vargas, ambaye mwaka 2025 alikuwa akianza karibu kila siku. Adrian Houser alichukuliwa Mei 2025 akiwa hana nafasi kwenye ligi kuu, akaanza mechi 11 kwa wastani wa 2.10, na Julai akaenda Tampa Bay kwa wachezaji watatu.

Shane Smith ndiye ninayempenda zaidi. Alichukuliwa kutoka Milwaukee kwa kanuni inayoruhusu timu kumtwaa kijana ambaye klabu yake haikumlinda, kwa dola 100,000, mradi abaki kikosini msimu mzima. Chenjiapu yake, mtupo unaofanana na wa kasi lakini ulio wa polepole zaidi, inastahili kutazamwa polepole. Kidole cha kati hakilali juu ya mpira kama kawaida; hukunjwa, ncha yake ikachimba kwenye ngozi. Mpira unapotoka, kidole hicho huusukuma ubadili mhimili wa mzunguko, na hapo mpira unaokuja kwa karibu kilomita 145 kwa saa hudondoka ghafla chini ya gongo. Kwa mtupo huo, mtu aliyekuwa hajawahi kurusha mechi ya ligi kuu alichaguliwa kwenye mechi ya nyota wote wa 2025. Huyo hakununuliwa kwa Tatis yeyote.

Wanaotaka nyota sasa hivi hutaja majina mawili ya kutoa: Noah Schultz, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, na Hagen Smith, aliyechaguliwa wa 5 mwaka 2024. Schultz alisumbuliwa na goti mwaka 2025, na Hagen Smith mwaka huo aliwapa wapigaji besi za bure nyingi mno kwa kurusha nje ya shabaha. Kwa hiyo bei zao zimeshuka, na kuuza mali ikiwa imeshuka bei ni hasara ya wazi. Tena hao ndio mikono yenyewe ninayoizungumzia. Waachwe waive, mmoja akivunjika mwingine awepo.

Grant Taylor ni mjadala tofauti. Kijana anarusha zaidi ya kilomita 160 kwa saa, ameshapasuliwa kiwiko mara moja tangu chuoni, na mwaka 2025 alitumiwa kurusha awamu moja moja akitokea akiba. Wengi wanataka abaki huko ili mkono udumu. Mimi ningemjaribu kuanza mechi, awamu 3 kwanza, kisha 4, akipumzika siku 5 kamili kati ya mechi na mechi. Mrushaji wa awamu 150 ana thamani mara mbili ya yule wa awamu 60, na wa akiba tunaweza kuwapata kwa bei ya Houser. Kama kiwiko kitalalamika, arudi akiba Juni. Kama hakitalalamika, tutakuwa tumepata mrushaji wa kuanza bila kumtoa mtu.