Si kila kinachovuja ni sili

"Sili imekufa." Hapa Moshi usemi huo umekuwa jibu la kila kitu kinacholowa. Gari aina ya Noah ikiacha doa pale ilipolala, sili imekufa. Oili ya gia ikitoka nyeupe, sili imekufa. Na wenye boti kuukuu za bwawa la Nyumba ya Mungu nao wameshika hilohilo: boti ikikutwa asubuhi imejaa maji, mtu anapanda mjini kuulizia sili. Hili la mwisho ndilo lililonifanya niandike, maana mtu ananunua kitu kisichohusika, anakifunga, na boti inaendelea kunywa maji.

Maana yenyewe ni fupi. Sili ni pete ya mpira yenye bati ndani yake, inayokaa pale shafti inapotoka kwenye nyumba yake huku ikizunguka. Ina mdomo mwembamba unaolala juu ya shafti, na springi ndogo ya mviringo inayoubana mdomo huo. Ukikuta imeandikwa 30-42-7, ni shafti ya milimita 30, tundu la 42, unene wa 7. Pasipozunguka kitu, yaani vipande viwili vimebanwa tu kwa bolti, kinachozuia hapo ni gasketi au o-ringi.

Sasa tuje kwenye boti. Nazungumzia zile za zamani ambazo injini imefungwa ndani na mguu wenye gia na propela uko nje, nyuma. Kampuni ya Volvo Penta iliuleta mpangilio huu sokoni mwaka 1959, wenzao wa MerCruiser wakafuata muda mfupi baadaye, na namna ya kufanya kazi ni ileile mpaka leo. Mguu huo unageuka kulia na kushoto na unainuka juu, kwa hiyo shafti inayotoka kwenye injini inapita kwenye jointi, na jointi hizo zimefunikwa na mpira wa mikunjo ili maji ya bwawa yasiingie. Mpira huo ukipasuka, maji yanaingia ndani ya boti. Yanaingia ndani ya boti, si kwenye gia. Unaweza kubadilisha sili zote za mguu na usizuie hata tone. Inua mguu mpaka mwisho, ugeuze upande mmoja, chukua tochi, kisha tanua mikunjo kwa vidole: mpira uliozeeka hupasukia chini kabisa ya mkunjo, mahali ambapo ukitazama juujuu huoni kitu. Na kama beringi iliyo hapo ndani imeshaanza kunguruma mguu ukigeuzwa, ujue maji yalishaingia zamani.

Maji ndani ya oili ya gia ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo sili zinahusika. Zinahusika, sijasema zina kosa. Acha boti itulie usiku kucha, asubuhi legeza taratibu bolti ya chini ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatatangulia kutoka. Kama boti imetoka kutembea muda si mrefu, yatakuwa yamechanganyika na utaona rangi ya chai ya maziwa. Ukishaona hivyo, anza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: washa za bolti ya chini na ya juu. Nimeona bolti hizo zikikazwa na washa ileile mwaka hadi mwaka mpaka imebaki bapa, ngumu, ina ufa. Hizo hubadilishwa kila oili inapobadilishwa.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Fundi, maji yanaingiaje wakati oili haitoki?" Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalotofautisha fundi na mbadilisha vifaa. Boti ikitembea, mguu unapata joto, hewa na oili ndani vinatanuka, presha inapanda. Ukizima na mguu umezama kwenye maji baridi, kila kitu ndani kinanywea, na mguu unaanza kuvuta. Ndipo maji yanapoingia, injini ikiwa imenyamaza. Kwenye shafti ya propela mara nyingi kuna sili mbili zilizogeuziana migongo, kwa kuwa mdomo wa sili hutazama kile unachokizuia: ya ndani inatazama oili, ya nje inatazama maji. Ya nje ikichoka peke yake, oili haitatoka kabisa, na maji yataingia. Kwa sababu hiyohiyo kipimo cha presha peke yake hakitoshi. Ukipiga presha ya psi 10 hadi 15 kwenye mguu uliomwagwa oili (anza na 3 au 4, usikimbilie juu), ukapaka maji ya sabuni na kuzungusha shafti kwa mkono, unaipima zaidi ile ya ndani. Ili kuijaribu ya nje lazima uvute hewa kwa pampu ya mkono, kisha uone kama geji inasimama. Wengi wanaishia kwenye presha, mguu unashika presha hiyo, boti inarudishwa majini, na baada ya wiki chache oili ni nyeupe tena. Hapo lawama zote zinaangukia sili mpya.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi. Sili haifanyi kazi peke yake. Nusu ya kazi inafanywa na uso wa shafti. Mdomo ukilala mahali pamoja kwa miaka huku mchanga ukiingia, unachimba mfereji kwenye chuma. Futa shafti, pitisha ukucha kwa urefu wake: ukucha ukikwama, sili mpya itakwenda kukaa ndani ya mfereji uleule na itavuja. Hapo dawa ni kuivalisha shafti bushi nyembamba ya chuma, au kuisogeza sili kidogo ndani au nje kama nafasi ipo, au kubadilisha shafti. Na kabla ya yote hayo vua propela. Kwenye bwawa lenye wavuvi wengi, nyuzi za nailoni hujisokota nyuma ya propela, zikayeyuka na kuukata mdomo wa sili. Uzi usipotolewa, sili inayofuata itakatwa na uzi uleule.

Halafu kuna weusi wa mafuta unaokutwa kwenye kitovu cha propela. Kwenye miguu mingi moshi wa injini hutokea hapohapo katikati ya propela, na masizi yaliyolowa huonekana kama oili hasa. Yafute, tembeza boti, kisha angalia kiwango cha oili ya gia. Kama hakijashuka, hakuna kilichovuja. Na kama kilichopungua ni mafuta ya pampu ya kuinulia mguu, tafuta kwenye silinda zake na paipu zake, si kwenye gia.

Kwa hiyo, mzee wangu mwenye boti, siku ukija gereji usianze na sili. Niambie maji uliyakuta wapi, oili ilikuwa na rangi gani, na kiwango chake kilikuwa kimeshuka au kimepanda. Kama kimepanda, maji yameingia: usiwashe boti tena mpaka oili hiyo imwagwe, maana beringi zinaanza kushika kutu zikiwa zimekaa tu.