Altrasaundi na mjamzito: hapa hakuna mionzi

Mara nyingi sijamaliza hata kupaka jeli tumboni, swali limeshafika: "Daktari, hiyo mionzi haitamdhuru mtoto?" Pengine mwenye kuuliza si mjamzito mwenyewe, ni mama mkwe aliyemsindikiza, amesimama kando ya kitanda mkoba kwapani. Swali ni la haki na huwa nasimamisha mkono kulijibu. Ila lina neno moja lisilo mahali pake. Altrasaundi haina mionzi.

Ni sauti. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kifaa tunachokipitisha tumboni hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5, ndiyo maana hakuna anayeisikia. Sauti hiyo hupenya mwilini, ikigonga mfupa, nyama au ukuta wa kizazi hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Hewa huikatiza njiani. Ile jeli ya baridi inayomfanya mama ashtuke kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, basi.

Hofu ya mionzi haikuzuka hewani. Mwaka 1956 nchini Uingereza, daktari Alice Stewart na wenzake walieleza kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksrei, ambayo ndiyo yenye mionzi, wakiwa wajawazito walikuwa wakifa zaidi kwa saratani kuliko wengine. Miaka 2 baadaye, 1958, daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Uskoti, walichapisha picha za tumbo zilizopigwa kwa sauti, zikiwemo za mtoto aliye kizazini. Vipimo hivi viwili vikaishia kukaa idara moja na kuitwa jina moja la "kupigwa picha", na hofu ya kimoja ikahamia kwa kingine.

Je, sauti haifanyi lolote mwilini? Nikisema hivyo nitakuwa nadanganya. Sehemu ya nguvu yake hunywewa na mwili na kuwa joto, na mfupa hunywa zaidi kuliko nyama laini. Msukumo wake pia unaweza kuchezesha mapovu ya hewa, ingawa mtoto wa tumboni hana hewa mapafuni wala matumboni. Ndiyo maana kwenye pembe ya skrini kuna herufi ndogo mbili mbili: TI kwa ajili ya joto, MI kwa ajili ya msukumo. TI ikisoma 1, maana yake ni kwamba kwa makadirio nguvu inayotoka yaweza kupandisha joto kwa nyuzi 1 hivi ya Selsiasi. Katika picha ya kawaida isiyo na rangi, namba hiyo kwa kawaida huwa chini ya 1. Wataalamu wa usalama hawaoni sababu ya kuzuia kipimo ambacho hakipandishi joto zaidi ya nyuzi 1.5 juu ya joto la kawaida la mwili. Kinachohesabiwa kuwa hatari ni joto kupanda kwa nyuzi 4 kwa dakika 5 au zaidi. Homa kali ya mama nayo humpandishia mtoto joto, na hiyo haina kitufe cha kuzimia.

Namba hizo zina historia. Mwaka 1992 Marekani iliruhusu mashine za uzazi zitoe nguvu kubwa kuliko awali, kwa sharti la kumwonyesha mpimaji namba hizo. Mzigo ukawa wake. Kwa hiyo mpimaji asiyetupia jicho pembe ile ya skrini ananitia wasiwasi kuliko mashine yenyewe.

Wasiwasi huo huwa mkubwa zaidi kwenye Dopla, kipimo cha mwendo wa damu, kwa sababu nguvu yake hukusanywa sehemu moja. Mimba ikiwa changa haifai kuiwasha kwa desturi tu ili mama asikie "du-du-du" ya moyo. Najua anaitamani sauti ile, na mpimaji naye hupenda kumfurahisha. Lakini moyo unaonekana ukipwita kwenye picha ya kawaida, na mapigo yanahesabika bila Dopla.

Kule Perth, Australia, utafiti wa mwaka 1993 ulikuta kwamba watoto waliopimwa mara nyingi tumboni, Dopla ikiwemo, walizaliwa wadogo kidogo. Habari ilitisha. Watoto wale wakafuatiliwa, na matokeo ya 2004 yakaonyesha kuwa walipofika miaka 8 ukuaji, usemi na tabia vilikuwa sawa na vya wenzao.

Mara ngapi basi? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo 1 kabla ya wiki 24, ili kujua umri wa mimba, mapacha, na baadhi ya kasoro. Akitokwa na damu au akipata maumivu makali, hesabu hiyo haihusiki. Atapimwa kila inapobidi, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi inaua na altrasaundi haijulikani kuua. Kwenda kupiga picha za kumbukumbu, mtu akae nusu saa akitafuta sura nzuri ya mtoto, hilo siliungi mkono.

Siungi mkono pia vile vifaa vidogo vya kusikilizia moyo nyumbani. Sauti si shida yake kubwa. Mama huweza kunasa mapigo yake mwenyewe, au mvumo wa damu kwenye kondo la nyuma, akatulia kitandani huku mtoto amepunguza kucheza tangu asubuhi. Mtoto akipunguza kucheza, kiache kifaa hicho mezani uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.