Pembe zinazotazamana: mahali watu hukosea wakitafuta x

Ukikaa na watoto wa junia sekondari ama wa fomu tu hapa Kisumu, Kondele mpaka Nyalenda, wakifanya hesabu ya pembe, kuna vitu utasikia kila saa na si kweli.

Kubwa kabisa, na ndio inakula maksi, ni eti mistari miwili ikikatana zile pembe zinazotazamana ukijumlisha unapata 180. Hapana jamani. Zinazotazamana ziko sawa, zile jirani kwenye mstari mmoja ndio zinafika 180. Chukua hii: pembe moja ni 3x + 10, ile inayoitazama ni 5x − 30. Mtu wa 180 atajumlisha apate 8x − 20 = 180, x ni 25, anafurahi juu namba imetoka safi. Lakini rudisha hiyo 25 kwenye swali uone, moja inakuwa digrii 85 nyingine 95, na zinatazamana, haiwezekani! Njia yenyewe ni 3x + 10 = 5x − 30, so 2x ni 40, x ni 20, ukirudisha zote mbili zinakuwa 70, jirani zake 110 kila moja, na zote nne zinafika 360 kama inavyotakiwa. Hiyo kurudisha namba haichukui hata dakika, tafadhali wafundisheni watoto.

Na swali likiuliza pembe, usiandike 20. Hiyo ni x, pembe ni 70.

Wengine husema hii ni kanuni ya kukariri tu. Si kweli, ina sababu na ni fupi: ziite pembe tatu zinazofuatana a, b na c; a na b ziko kwenye mstari mmoja zinafika 180, b na c kwenye ule mwingine pia 180, b ni ileile, basi a na c lazima zilingane. Euclid, mtu wa hesabu wa Ugiriki ya kale, aliithibitisha kitu miaka 300 kabla ya Kristo na bado inasimama vilevile.

Halafu kuna ya kudhani lazima moja iwe juu nyingine chini. Mchoro unaweza kulala vyovyote, muhimu ni mistari inyooke, kwa sababu ikipinda pale katikati kama barabara inapinda kwa jankshen, usawa hauna hakika tena. Na usikimbilie protrakta, michoro mingi ya mtihani haijachorwa kwa vipimo.

Mistari mitatu ikipita nukta moja unapata pembe sita, jozi tatu, na hapo ndio watu huchagua jirani wakidhani ndio mwenzake. Weka kidole kwenye mkono mmoja wa pembe, yaani mstari mmoja kati ya miwili inayoiunda, nyoosha upite ile nukta utokee ng'ambo, fanya hivyo na mkono wa pili, pembe iliyo kati ya hiyo mikono miwili huko ng'ambo ndio yake.