Ron Barassi na mataji ambayo hakuyatwaa Melbourne

Baadhi ya wapenzi wa mpira wa Kiaustralia, ule unaochezwa kwa mikono na miguu, hudhani kwamba mataji 10 ya Ron Barassi yote ni ya klabu ya Melbourne. Dhana hiyo ina nusu ya ukweli tu. Akiwa mchezaji, alitwaa mataji 6 na Melbourne kati ya 1955 na 1964. Kisha akahamia Carlton kuwa mchezaji na kocha, uhamisho ulioshtua mashabiki kama vile mtoto wa nyumbani ameihama familia.

Mataji yake ya ukocha yalipatikana kwingine: Carlton mwaka 1968 na 1970, halafu North Melbourne mwaka 1975 na 1977, lile la 1975 likiwa la kwanza la klabu hiyo katika VFL, ligi kuu ya mchezo huo wakati ule. Fainali ya 1970 ndiyo inayosimuliwa zaidi, kwa kuwa Carlton, iliyokuwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44 wakati wa mapumziko, ilishinda kwa pointi 10. Aliporudi kuifundisha Melbourne, kuanzia 1981 hadi 1985, hakupata taji lolote, na msimu wa kwanza timu ilishinda mechi moja tu.